Stanley alipozuia fedha za Tippu Tip

Kabla ya Oktoba 1871, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe aliandikiwa barua kutoka Ujiji. Liwali huyo alikuwa Said bin Salim el-Lamki, na makao yake yalikuwa Kwihara, kilometa chache tu kutoka mjini Tabora. Aliyeandika alikuwa mtu mmoja aliyeitwa Sherifu, ambaye alikabidhiwa mali ya Dakta David Livingstone aitunze mpaka mwenyewe atakaporudi kutoka Manyema. Barua ilikuwa na mambo mawili. Kwanza, kwamba Sherifu ametuma watumwa hadi Manyema kumfuata Mzungu, nao wamerudi na habari kwamba amekwisha kufa. Pili, kwamba anaomba ruhusa ya kuuza mali iliyobaki.

Ndugu msikilizaji, Mzungu hakuwa amekufa. Alikuwa njiani, amedhoofu kabisa, anajikokota kurudi Ujiji akitumaini kuikuta mali yake. Alipofika mwezi huo wa Oktoba hakukuta kitu. Katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata yadi moja. Katika ratili 700 za shanga haukubaki hata ushanga mmoja. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, Sherifu alikwisha kutazamia kwa Kurani akaona kwamba bwana mwenye mali amefariki, basi akauza vitu vyote na kujinunulia watumwa na pembe za ndovu. Barua ya kwenda Kwihara ilikuwa ya kuhalalisha yaliyobaki.

Nimeanza na barua hiyo kwa sababu ya barua nyingine, zile ninazoletewa na wasikilizaji. Baada ya kipindi cha juma lililopita, ambacho kiligusia hati za viwanja, kadhaa waliuliza jambo lile lile kwa maneno mbalimbali. Mtu ana nyumba yake na hati yake, anakwenda kukopa au kuuza, anaambiwa kwamba kuna karatasi imewekwa juu ya mali hiyo. Aliyeiweka ni jamaa aliyegombana naye, au mtu anayedai deni ambalo halijulikani, au mshirika wa zamani. Hakuna kesi iliyosikilizwa wala hukumu. Kuna karatasi tu, na mali imesimama. Je, mtu huyo anaweza kushitakiwa kwa kuitumia vibaya sheria?

Anaweza. Lakini ni jambo gumu, na ugumu wake unaonekana vizuri zaidi katika kadhia moja ya zamani kuliko katika vifungu. Kadhia hiyo inamhusu mtu aliyekaa Kwihara na mtu wa ukoo uliokaa Tabora, ingawa karatasi yenyewe ilipelekwa Unguja.

Aliyekaa Kwihara ni Henry Morton Stanley. Aliingia Unyanyembe Juni 1871, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akapewa tembe Kwihara. Agosti aliingia katika vita vya Waarabu dhidi ya Mtemi Mirambo, vita ambavyo Waarabu walishindwa vibaya na Tabora ikachomwa moto. Septemba akaondoka kwa njia ya kusini kwenda Ujiji. Februari 1872 alirudi Kwihara akiwa na Livingstone, wakakaa pamoja katika tembe lile hadi Machi. Tembe hilo limejengwa upya na kuwa makumbusho, na watoto wengi wa shule za Tabora wamekwisha kupelekwa kulitazama.

Hapo Kwihara Stanley alijifunza somo moja ambalo vitabu vya shule havilitaji. Alikuta mzigo wa Livingstone umekaa, na ndani yake mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, Unguja. Mwenyewe aliubeba hadi Ujiji, na barua zikamfikia mwenyewe baada ya siku 365 tangu zilipofungwa. Kisha huko Ujiji akasikia habari za Sherifu, akazieleza katika kitabu chake kwa hasira kubwa. Alikwisha kuona kwa macho yake kwamba katika njia ya misafara mali ya mtu huliwa kwa sababu moja tu: mwenyewe yuko mbali, na anayesema juu ya mali hiyo yuko karibu na mwenye mamlaka.

Sasa huyo wa pili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja lakini nyumba ya baba yake ilikuwa Tabora. Baba huyo, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akawa mtu mkubwa katika nchi. Hamed mwenyewe alipita Tabora mara nyingi akienda na kurudi Manyema. Mtaji wake ulitoka kwa Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Huyo alikopesha nguo, shanga na baruti, na pembe zilipofika pwani alilipwa. Siwezi kumsifu Hamed. Aliwinda watu na kuwauza, na njia ile ilijaa mifupa ya watumwa waliobebeshwa pembe zake. Lakini kesi haimwulizi mdaiwa kama ni mtu mwema. Inamwuliza kama analo deni hilo analodaiwa.

Hamed na Stanley walikutana mara ya kwanza 1876 huko Manyema. Stanley alitaka kuufuata mto Lualaba hadi baharini, akamwomba Hamed amsindikize kwa siku 60 za mwendo. Hamed hakufika mwisho wa safari. Walikubaliana kuachana mwezi Desemba. Hapo ndipo hesabu zao zilipoanza kutofautiana. Stanley ameandika kwamba ahadi ilikuwa dola 5,000 na kwamba alilipa sehemu kulingana na safari. Hamed ameandika kwamba ahadi ilikuwa dola 7,000 pamoja na zawadi nono, na kwamba zawadi aliyoiona ilikuwa ni picha ya Stanley mwenyewe. Nacheka kila nisomapo mahali hapo, lakini hasira yake ilikuwa ya kweli.

Hata hivyo miaka 11 baadaye walikaa tena meza moja. Tarehe 24 Februari 1887, katika ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Unguja, walitia sahihi makubaliano. Stanley alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Misri aliyekwama Ikweta baada ya Wamahdi kuiteka Sudani. Kwa karatasi ya kwanza Hamed alifanywa wali wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa ya pili Hamed aliahidi wapagazi 600 wa kubeba risasi hadi ziwa Albert na kurudi na pembe za Emin. Baruti ya watu hao ilikuwa juu ya Stanley. Ndugu msikilizaji, naomba uikumbuke baruti hiyo.

Walipanda meli, wakazunguka rasi ya kusini, wakaingia Kongo. Juni 1887 Stanley aliacha kikosi cha nyuma Yambuya chini ya Meja Barttelot, akatangulia mwenyewe msituni. Wapagazi hawakuja. Mwezi ulipita, mwaka ukakaribia, hawakuja. Hamed alisema kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa, na kwamba watu hawakubali kwenda katika nchi ya vita mikono mitupu. Barttelot alisema anadanganywa. Wakati huo huo kambi ya Yambuya ilikuwa inakufa kwa njaa, kwa muhogo mchungu usiotengenezwa vema, na kwa viboko. Juni 1888 hatimaye Hamed alitoa watu wapatao 400. Mwezi uliofuata Barttelot alipigwa risasi na mume wa mwanamke ambaye alikuwa akipiga ngoma alfajiri na kumnyima Meja usingizi. Mwezi wa Agosti Stanley aliporudi kutoka msituni kutazama kikosi chake, alikuta zaidi ya nusu ya watu wamekufa au wametoroka.

Yaliyofuata yako katika vitabu vyote: Emin aliokolewa akitaka na asipotaka, msafara ukapita Usukuma na Ugogo, ukafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Stanley alivuka Unguja akiwa shujaa. Na hapo Unguja akaambiwa jambo ambalo halimo katika hadithi za watoto.

Akaambiwa kwamba Jaffer Tharia, wa ile nyumba ya biashara ya Tharia Topan, anazo mkononi fedha za Hamed zinazozidi kidogo pauni 10,000. Zilikuwa malipo ya pembe ambazo Dola Huru ya Kongo ilizinunua kwa Hamed. Stanley hakukawia. Mwezi huo huo wa Desemba, kwa jina la kamati ya Uingereza iliyogharimia safari, alifungua madai ya pauni 10,000 katika Korti ya Balozi wa Uingereza dhidi ya Hamed kwa kuvunja mkataba. Akaiomba korti iamuru fedha zile zisitoke mikononi mwa Jaffer mpaka shauri limalizike. Korti ikaamuru hivyo.

Tazama namna jambo lilivyopangwa. Hamed hakuwa raia wa Uingereza. Alikuwa mtu wa Seyyid wa Unguja, na wakati ule alikuwa pia wali wa Mfalme wa Wabelgiji. Isitoshe alikuwa katikati ya Kongo. Kumkamata yeye ilikuwa kazi ngumu, lakini kumshika anayeshika fedha zake ilikuwa rahisi, maana Jaffer alikuwa Mhindi aliye chini ya himaya ya Waingereza, duka lake lilikuwa hatua chache kutoka kortini, na korti ile ilifuata sheria za madai za Uhindi ambazo ziliruhusu mali kuzuiwa kabla ya hukumu. Kiasi kilichodaiwa na kiasi kilichokuwapo vilikaribiana mno. Wazee husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo hii ilikuwa Unguja, nyoka yuko Kongo, na ilimpata.

Hebu tuulize: Hamed ndiye aliyekiua kikosi cha nyuma? Aliahidi watu 600, akatoa wapatao 400 baada ya mwaka. Hilo ni deni, na Stanley alikuwa na haki ya kulidai. Wapo wanaosema kwamba Hamed alichelewesha makusudi kwa sababu hakuona faida, na sidhani kwamba wamekosea sana. Lakini hakuupika muhogo wa Yambuya. Hakushika kiboko cha Barttelot. Na baruti haikuwa juu yake. Mkataba ulikuwa na pande mbili, na mdai alitaka upande mmoja tu usomwe, tena mdaiwa akiwa kwenye safari ya miezi mingi kutoka mahali unaposomwa.

Hapa nataka kutoka Unguja kidogo niende London, kwa sababu sheria ambayo korti zetu zimeirithi juu ya kadhia ya namna hii ina mzizi wake huko, katika kesi ya Grainger na Hill iliyoamuliwa 1838. Grainger alikuwa na merikebu yake. Alikopa pauni 80 kwa akina Hill akaweka merikebu rehani, kwa makubaliano kwamba atalipa Septemba 1837 na kwamba daftari la usajili la merikebu litabaki kwake, maana bila daftari hilo hawezi kusafiri. Novemba 1836, deni likiwa bado miezi kumi kuiva, wakopeshaji waliingiwa na wasiwasi, wakataka daftari. Alipokataa, wakafungua madai ya deni lile ambalo halijaiva, wakapata hati ya kumkamata, wakawatuma maofisa nyumbani kwake. Walimkuta kitandani, mgonjwa. Wakamwambia atoe daftari au atoe mdhamini, vinginevyo atachukuliwa. Akatoa daftari. Akapoteza safari nne.

Majaji walisema jambo ambalo ndilo msingi hadi leo. Hati ilikuwa halali kwa umbo lake. Ilitoka kortini, ina muhuri. Ubaya ni kwamba ilitumiwa kupata kitu ambacho hati ya namna hiyo haikuwekewa. Iliwekwa kumleta mdaiwa mbele ya hakimu. Wao waliitumia kumnyang'anya daftari. Grainger akashinda. Hakuhitaji hata kungoja ile kesi ya deni imalizike.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, hapa watu wengi huchanganya. Kumshitaki mtu ukashindwa si kuitumia sheria vibaya. Hata kumshitaki kwa hasira si lazima iwe hivyo. Swali ni hili: karatasi ile iliwekwa ili ifanye kazi yake, au ili imbane mtu atoe kitu kingine?

Nimeligeuza swali hilo mara nyingi juu ya Stanley. Kama alitaka pauni 10,000 kwa haki ya mkataba, amri ya kuzuia fedha ilikuwa jambo la busara, kwani fedha zingeweza kuondoka. Lakini shauri lile halikufikishwa kwenye hukumu. Liliachwa. Fedha zilizuiwa kwa haraka ya siku chache, na kesi yenyewe haikupata mtu wa kuifuatia. Na ukiangalia yaliyokuwa yanamngoja Stanley Ulaya utaona kitu. Mwaka 1890 ndugu wa Barttelot walichapisha barua na kumbukumbu za marehemu, na magazeti ya London yakawaka moto yakiuliza ni nani aliyekiacha kikosi cha nyuma kife. Stanley aliwalaumu maofisa wake waliokufa. Kabla ya hapo alikwisha kuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, kwa karatasi yenye muhuri wa korti, mtu ambaye hawezi kusimama London akajibu. Mimi kwa maoni yangu naona kwamba hiyo ndiyo kazi kubwa ambayo hati ile ilifanya. Mwingine anaweza kusema kwamba kuacha kesi si ushahidi wa nia mbaya, na mbele ya hakimu angeweza kunishinda. Nia ya mtu aliyekufa haina risiti.

Lakini athari zake zinaonekana bila kuulizia nia. Habari za kushitakiwa zilimfikia Hamed huko Stanley Falls. Kwa mfanyabiashara wa njia ile, fedha zilizo kwa Tharia hazikuwa akiba ya kulala. Ndizo zilizonunua nguo na baruti za msafara ujao, ndizo zilizolipa wapagazi wa Kinyamwezi, ndizo zilizowatuliza wadai wengine. Mtu ambaye fedha zake zimezuiwa pwani huharibika jina lake katika vituo vyote, kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa ya kuaminiana. Tabora na Ujiji zilikuwa na watu wengi waliokwama huko miaka na miaka, hawathubutu kuteremka Unguja kwa kuogopa wadai. Hamed hakutaka kuwa mmoja wao. Mwaka 1890 aliacha nafasi yake ya uwali kwa Rashid, mtu wa ukoo wake, akaanza kurudi ajibu madai.

Safari hiyo ilimpitisha Tabora, mji wa baba yake, akaukuta si ule aliouacha. Mwaka huo huo wa 1890 bendera ya Wajerumani ilikwisha kupandishwa Tabora, na aliyeipandisha alikuwa Emin Pasha, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa Wajerumani. Ndiye yule yule ambaye kwa ajili ya kumwokoa Hamed aliahidi wapagazi 600. Mtu akitunga hadithi ya namna hii ataambiwa ametia chumvi. Hamed aliugua sana njiani, akachelewa, akafika pwani 1891. Hakuna hukumu iliyotolewa dhidi yake. Alikuja kujibu kesi ambayo mdai wake hakuwa tena na haja nayo.

Hakurudi Kongo tena. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Wabelgiji na Waarabu wa Manyema. Mwaka uliofuata mwanawe Sefu aliuawa, na mali yote ya Hamed iliyokuwa Kongo, ambayo ilikuwa mara nyingi zaidi ya pauni 10,000, ikapotea. Sisemi kwamba angekuwapo vita visingezuka. Leopold alitaka pembe na nchi, asingeacha. Lakini Hamed ndiye mtu aliyejua kusema na Wabelgiji, na wakati mambo yalipoharibika alikuwa Unguja, ambako aliitwa na karatasi.

Turudi sasa kwa wasikilizaji walioniandikia, maana karatasi zao ni ndogo zaidi lakini zinafanya kazi kwa namna ile ile. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 78, mtu anayedai kwamba ana maslahi katika ardhi iliyosajiliwa anaweza kupeleka zuio kwa Msajili wa Hati, lile ambalo mawakili hulitaja kwa jina la kaveati. Si jambo baya. Mke ambaye jina lake halimo katika hati, mnunuzi aliyelipa na kucheleweshwa uhamisho, warithi ambao mmoja wao anataka kuuza kimya kimya, wote hao zuio ndilo linalowaokoa. Katika kesi ya Boyes na Gathure, iliyoamuliwa Kenya 1969, ilielezwa vizuri kwamba zuio lina kazi mbili: kumkinga kwa muda anayedai, na kumjulisha mwenye mali na ulimwengu mzima kwamba dai lipo na ni la namna gani.

Tatizo ni neno hilo, kwa muda. Msajili si hakimu. Hapimi ushahidi wa pande mbili kabla ya kuandika. Zuio likiisha kuingia katika daftari, benki ikipekua ikaliona hufunga jalada, na mnunuzi huenda kwa jirani. Mwenye mali ndiye anayepaswa kwenda Mahakama Kuu kuomba aliyeweka zuio aitwe aeleze kwa nini lisiondolewe. Yaani anayelalamikiwa ndiye anayetafuta wakili, ndiye anayelipa nauli, ndiye anayengoja tarehe. Aliyeweka alilipa ada ndogo akarudi nyumbani kulala. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akijigamba barazani kwamba yeye hataki nyumba ya mwenzake, anataka tu asiiuze mpaka wakae wazungumze. Bila kujua, alikuwa anaeleza barabara kosa la akina Hill.

Je, sheria inamlipa aliyeumizwa? Uganda, katika Sheria yao ya Usajili wa Hati, imeandikwa wazi kwamba anayeweka zuio bila sababu ya maana atamlipa aliyepata hasara fidia ambayo Mahakama Kuu itaona ni ya haki. Kenya, katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, wana kifungu kama hicho kwa anayeweka au kuendelea kung'ang'ania zuio kwa makosa. Kwetu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 imerithi kutoka ile ya Uhindi, ile ile iliyofuatwa na korti ya Unguja, fidia kwa mtu ambaye mali yake imekamatwa au amewekewa zuio la mahakama kabla ya hukumu kwa sababu zisizotosha.

Kwa hiyo aliyeniandikia kwamba sheria haina dawa, si kweli. Dawa ipo. Lakini lazima uonyeshe mambo mawili ambayo watu wengi hawajiandai kuyaonyesha. Kwanza, kwamba aliyeweka hakuwa na sababu ya maana, si kwamba alikosea tu. Pili, hasara yenyewe, kwa hesabu: mnunuzi alikuwa nani, bei gani, barua ya benki iko wapi, tarehe gani walikataa. Mtu anayefika mahakamani na uchungu wake peke yake hurudi nao. Ningemshauri kila mwenye hati aende kupekua daftari la msajili hata kabla hajawa na haja ya kuuza, ahifadhi kila barua, na akikuta zuio asikae mwaka mzima akingoja aliyeliweka aone haya. Na kama zuio limewekwa ili kumlazimisha alipe kitu kingine kisichohusu ardhi ile, amwombe anayedai aliandike dai hilo kwa mkono wake. Watu wengi huliandika bila kusita, na karatasi hiyo ndiyo itakayosema mahakamani.

Kuhusu Hamed bin Muhammed, alibaki Unguja katika nyumba yake ya Mji Mkongwe hadi alipofariki Juni 1905. Alikuwa bado tajiri, mwenye mashamba. Katika miaka ile ya mwisho aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha 1902 na 1903. Humo ameeleza habari za Stanley tangu mwanzo: ahadi ya Manyema, picha ile aliyoletewa, baruti ambayo haikufika, na kushitakiwa kwake. Ni majibu ya mdaiwa, yenye hoja zake na hesabu zake, ambayo korti ya Unguja haikupata kuyasikiliza.